Umebonyeza kitufe, tovuti nyingine ikakuita kwa jina: imekujuaje?

Tangu vyuo, hospitali, kampuni za bima na ofisi nyingi za Dar es Salaam zihamishie shughuli zake mtandaoni, kuna jambo moja linawachanganya watu. Mwanafunzi ameingia kwenye akaunti yake ya chuo, anabonyeza kitufe cha masomo ya mtandaoni, na mara yuko kwenye tovuti nyingine kabisa, yenye anwani nyingine, na jina lake limeshaandikwa juu kulia. Hakuulizwa nywila. Mfanyakazi wa ofisi moja pale Posta anafungua mfumo wa kampuni yake, anabonyeza "Mishahara", na mfumo wa kampuni nyingine, ambao seva zake ziko ng'ambo, unamkaribisha. Wapo wanaofurahi kupunguziwa kazi. Wapo wanaoingiwa na wasiwasi: hawa wamepewa nywila yangu? Na nani?

Swali hilohilo linawafikia wanaotengeneza mifumo, ila kwa sura nyingine. Meneja anamwita kijana wa TEHAMA, anamwambia: "Nataka mtu akibonyeza hapa aingie kule moja kwa moja. Sitaki aandike nywila mara mbili." Ombi hilo ni la haki kabisa. Kinachonitia hofu ni namna linavyotekelezwa, kwa sababu kuna njia moja salama na kuna njia za mkato nyingi, na kwa macho ya mtumiaji zote zinafanana.

Kwanza tuelewane maneno. Nikisema "mfumo", nina maana ya programu ya wavuti ambayo tayari umeshaingia: ya chuo, ya kazini, ya hospitali. Nikisema "tovuti ya nje", ni ile ya watu wengine unayopelekwa. Na "kuingia" ni kile ambacho mtaani tunakiita kulogini.

Kuingia ni nini hasa

Tovuti kwa asili yake haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa mmoja kisha ukafungua wa pili, seva haijui kwamba ni mtu yuleyule; kila ombi linaloifikia ni geni. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa mtaalamu wa kampuni ya Netscape, alibuni dawa ya tatizo hilo: kidakuzi. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti inakipa kivinjari chako kiyatunze, na kila unaporudi kivinjari kinayaonyesha.

Ukiandika nywila sahihi, tovuti inatunga namba ndefu ya kubahatisha, inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba namba hii ni ya Asha, halafu inaiweka namba hiyo ndani ya kidakuzi. Kuanzia hapo nywila imemaliza kazi. Kinachokutambulisha ukurasa hadi ukurasa ni ile namba. Ukiondoa mapambo yote, kuingia ni hali ya kivinjari chako kushika kidakuzi ambacho tovuti yenyewe imekitoa.

Sasa kuna sheria ambayo vivinjari vinaisimamia kwa ukali: kidakuzi cha tovuti moja hakipelekwi kwa tovuti nyingine, na tovuti moja haiwezi kumpachikia mtu kidakuzi cha tovuti nyingine. Sheria hii ndiyo inayotulinda kila siku. Isingekuwepo, ukurasa wowote wa kubeti uliofunguliwa kwenye simu yako ungeweza kuchota ile namba ya kidakuzi chako cha benki na kuingia kama wewe. Lakini sheria hiyohiyo ndiyo inayomkwamisha kijana wa TEHAMA. Mfumo wa ofisi hauwezi kukuingiza kwenye tovuti ya nje kwa nguvu zake wenyewe, hata ukijua kila kitu kukuhusu. Ni lazima tovuti ya nje yenyewe ikubali kukupa kidakuzi chake. Kazi yote iliyobaki ni kujibu swali moja: kitu gani kitaifanya ikubali?

Njia za mkato na madhara yake

Jibu linalokuja haraka ni kuibebea nywila ya mtumiaji. Mtengenezaji anachukua nywila ya Asha ya tovuti ya nje, anaihifadhi kwenye mfumo wa ofisi, na Asha akibonyeza kitufe, nywila inapelekwa. Kwa njia ya kizembe kuliko zote, kiungo kinakuwa hivi:

https://malipo.example/ingia?jina=asha&nywila=Mbagala2024

Soma mstari huo polepole. Nywila iko wazi ndani ya anwani. Itabaki kwenye historia ya kivinjari cha kompyuta ya ofisi, ambayo huenda inatumiwa na watu watatu. Itaandikwa kwenye kumbukumbu za seva ya upande wa pili, ambako fundi yeyote mwenye ruhusa ya kuzisoma ataiona. Na siku Asha akinakili anwani hiyo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la idara, akimwelekeza mwenzake ukurasa ulipo, amewapa wote nywila yake bila kujua. Ile kufuli inayoonekana kwenye anwani haisaidii hapa: inalinda taarifa zikiwa njiani, hailindi zilikotoka wala zilikofika.

Wengine wanaiboresha kidogo. Wanatengeneza fomu iliyofichwa, tayari ina jina na nywila, inayojituma yenyewe ukurasa ukifunguka. Anwani inabaki safi. Lakini yeyote anayejua kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuangalia msimbo wa ukurasa ataikuta nywila imekaa pale. Tena tovuti nyingi siku hizi zinaweka kwenye fomu yao namba ya siri inayobadilika kila mara, ili zijue kwamba fomu imetoka kwenye ukurasa wao wenyewe. Fomu ya kutoka nje haina namba hiyo, kwa hiyo inakataliwa. Nimewasikia vijana wakilalamika kwamba tovuti ya upande wa pili ni mbovu. Si mbovu. Inajilinda.

Wapo wanaoiachia seva ya ofisi ijaze fomu kwa niaba ya mtumiaji. Inafanikiwa kuingia, ila kidakuzi kinapewa seva, si kivinjari cha Asha, kwa hiyo Asha bado yuko nje. Wapo wanaoifungua tovuti ya nje ndani ya fremu, iwe kama sehemu ya ukurasa wao. Tovuti nyingi zinakataza hilo, na kivinjari cha Safari tangu mwaka 2020 kinazuia kabisa vidakuzi vya tovuti iliyowekwa ndani ya tovuti nyingine. Na tovuti ya nje ikianza tu kutuma namba ya uthibitisho kwa SMS, njia zote hizi zinakufa siku hiyohiyo.

Hata zingefanya kazi, kuna tatizo ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauijui nywila yako. Unaipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma, unatunza jibu la hesabu hiyo, na kesho ukija unarudia hesabu na kulinganisha majibu. Ndiyo maana ukisahau nywila unapewa nafasi ya kuweka mpya, hupewi ile ya zamani. Mfumo unaoweza kukutumia nywila yako ya zamani kwa SMS ni mfumo unaoitunza kwa namna inayosomeka. Na mfumo unaobeba nywila kwenda tovuti nyingine hauna budi kufanya hivyohivyo: nywila za wafanyakazi wote, za tovuti ya watu wengine, zimekusanywa mahali pamoja zikiwa zinasomeka. Atakayevunja hapo amevunja na kwingine.

Barua ya serikali ya mtaa

Kila aliyewahi kufungua akaunti ya benki au kufuatilia kitambulisho anaijua barua ya utambulisho. Benki haikufahamu. Unakwenda ofisi ya serikali ya mtaa wako, wanakokufahamu, unaandikiwa barua: fulani bin fulani ni mkazi wa mtaa huu. Inaelekezwa kwa benki ile kwa jina, inawekwa tarehe, inasainiwa, inapigwa muhuri. Benki inaipokea kwa sababu ilishaamua kabla hujafika kwamba barua ya ofisi hiyo inaaminika. Mtaa haukuipa benki siri yako yoyote. Umekushuhudia tu.

Kuingia kiotomatiki kwa njia salama kunakwenda hivyohivyo. Unafungua tovuti ya nje, haikujui. Inakielekeza kivinjari chako kwenye mfumo wa chuo au wa ofisi. Mfumo unaona kidakuzi chake, unajua ni wewe, unakuandikia barua fupi ya kidijitali inayoitwa tokeni, na unakirudisha kivinjari kwenye tovuti ya nje kikiwa nayo. Tovuti ya nje inaikagua, inatafuta akaunti yako, kisha inakupa kidakuzi chake yenyewe. Yote haya ni sekunde moja au mbili. Ukikodolea macho sehemu ya anwani utaiona ikibadilika mara mbili tatu kabla ya kutulia. Hapo ndipo barua inapotembea. Nywila yako haijatoka ilikokuwa.

Ukiifungua tokeni yenyewe, ndani yake kuna mambo kama haya:

Mtoaji: mfumo wa chuo
Mhusika: mwanafunzi namba 4471
Mpokeaji: maktaba ya mtandaoni
Imetolewa: saa 4:00 asubuhi
Mwisho wa matumizi: saa 4:05 asubuhi
Saini: mstari mrefu wa herufi na tarakimu

Mstari wa mpokeaji watu wengi wanaupuuza, na ni hatari. Barua isiyotaja inakokwenda inaweza kupelekwa popote. Tovuti isiyo na nia njema, ukishaingia kwake, ingeichukua tokeni yako na kuipeleka kwingine ikijifanya wewe. Kwa hiyo maktaba ikipokea tokeni iliyoandikwa jina la mpokeaji mwingine inatakiwa kuikataa, hata kama saini ni halali kabisa.

Kwenye saini ndipo mfano wa mtaa unapofika mwisho, maana muhuri wa mpira unaghushiwa. Saini ya tokeni si picha inayobandikwa; ni hesabu inayopigwa juu ya maneno yote ya barua kwa kutumia ufunguo wa siri ulio kwa chuo peke yake. Maktaba ina ufunguo wa wazi, ambao unaweza kuhakiki saini lakini hauwezi kuitengeneza. Mtu akibadilisha 4471 kuwa 4472, hesabu inagoma. Ila saini haifichi kitu. Katika mifumo mingi tokeni inasomeka na yeyote atakayeishika, kwa hiyo haifai kubeba majibu ya vipimo vya mgonjwa au kiwango cha mshahara.

Na ule muda wa dakika tano unaleta usumbufu mmoja ambao ni vizuri kuujua. Saa ya seva moja ikichelewa dakika kumi, tokeni zinazotoka kwake zitafika zikiwa zimeshakwisha muda. Watumiaji wote wanakataliwa kwa pamoja. Watu wanabadilisha nywila, wanafuta vidakuzi, wanazima na kuwasha kompyuta, hakuna kinachosaidia. Dawa ni kurekebisha saa ya seva.

Mambo haya si mapya na hayahitaji kubuniwa upya na kila ofisi. Chuo cha MIT cha Marekani kilitengeneza Kerberos miaka ya 1980 ili mtu aandike nywila mara moja na kutumia huduma nyingi za chuo. Kwa upande wa wavuti, SAML 2.0, utaratibu wa kuandika na kupokea barua za namna hii, ulitoka mwaka 2005 na bado umeenea sana vyuoni na kwenye kampuni kubwa. OAuth 2.0, utaratibu wa kutoa ruhusa, ilitoka mwaka 2012, na juu yake ikajengwa OpenID Connect, wa kumtambulisha mtu, mwaka 2014. Moodle, mfumo wa masomo unaotumiwa na vyuo vingi, unaweza kuunganishwa kwa njia hizi. Zote ni huru kutumiwa na yeyote.

Kitufe cha "Ingia kwa Google"

Hapa ndipo uvumi ulipo mwingi. Wengi wanaamini kwamba ukiingia kwenye tovuti ya kuuza viatu kwa akaunti ya Google, muuza viatu amepata nywila ya barua pepe yako. Hajapata. Google ndiyo inayokuandikia barua, na kwa kawaida muuza viatu anaona jina lako, barua pepe yako na picha yako. Nywila unaiandika kwa Google tu, na ndiyo maana ni lazima uangalie anwani kabla hujaandika: iwe accounts.google.com. Matapeli wanachora ukurasa unaofanana na ule wa Google nukta kwa nukta, lakini anwani halisi iliyo juu ya kivinjari hawawezi kuibadilisha. Kama hapo awali ulihifadhi nywila yako kwenye kivinjari na leo kivinjari kimekataa kuijaza, simama uangalie anwani tena, maana kivinjari kinajaza pale tu nywila ilipohifadhiwa.

Kutambulishwa na kutoa ruhusa ni mambo mawili tofauti, ingawa yanakuja kwa kitufe kilekile. Kuna programu ambazo baada ya kukutambua zinaomba pia kusoma barua pepe zako au mafaili yako ya Drive. Ukurasa wa kuomba unaonyesha maombi hayo moja moja, na wengi wetu tunabonyeza "Ruhusu" tukiwa na haraka. Ukishatoa, ruhusa inaendelea hata ukiacha kuitumia programu. Ingia myaccount.google.com, tafuta sehemu ya programu zilizounganishwa na akaunti yako, uondoe usizozitambua. Nakuomba ufanye hivyo leo.

Kosa jingine liko kwenye kutoka. Vijana wengi wa Dar es Salaam wanaomba vyuo na mikopo wakiwa kwenye steshenari, kwa kompyuta ya kila mtu. Wapo wanaoingia kwa akaunti ya Google, wanajaza, wanachapisha fomu, wanabonyeza "Toka" kwenye tovuti ya maombi, wanalipa na kuondoka. Wametoka kwenye tovuti ya maombi tu. Kidakuzi cha Google bado kiko kwenye kompyuta ile. Mteja anayefuata akibonyeza "Ingia kwa Google", barua inaandikwa kwa jina la aliyeondoka, na tovuti inafunguka. Kwenye kompyuta isiyo yako, mwombe mwenye steshenari afungue dirisha la hali fiche (incognito), lisilobakiza vidakuzi likishafungwa, na ukimaliza uyafunge madirisha yote ya hali fiche. Kama umeshaondoka na hukutoka, fungua akaunti yako ya Google kwa simu, nenda sehemu ya vifaa vyako, uiondoe kompyuta ile ukiwa hukohuko ulipo.

Wanaosema kwamba akaunti moja inayofungua kila kitu ni hatari hawajakosea. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi wameiba tokeni, zile za kumbakiza mtu ndani ya akaunti yake bila kuandika nywila tena. Baadaye ilisema walioibiwa walikuwa watumiaji wapatao milioni 30. Wavamizi hawakuhitaji nywila ya mtu. Facebook ikazibatilisha tokeni, na watu kama milioni 90 wakalazimika kuingia upya. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, akaunti moja yenye uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili kama namba ya SMS) ni bora kuliko nywila moja iliyorudiwa kwenye tovuti kumi na mbili, maana hayo ndiyo maisha halisi ya nywila za watu wengi. Mwajiri naye ana sababu yake: mtu akiacha kazi, unafunga akaunti moja na hawezi tena kuandikiwa barua ya kuingia popote.

Kwa wenye ofisi

Anza kwa kumpigia simu mwenye tovuti ya nje, kabla hujamwambia kijana wako aandike hata mstari mmoja wa msimbo. Muulize kama wanapokea SAML au OpenID Connect. Kama wanapokea, kinachobaki ni makubaliano: anwani za kupokelea tokeni, ufunguo wa wazi, na namna ya kumtambua kila mtu. Hilo la mwisho lisiwe la haraka. Ofisi nyingi zinachagua barua pepe, halafu Juma anaacha kazi, anaajiriwa Juma mwingine, anapewa barua pepe ileile, na asubuhi yake ya kwanza anaingia kwenye hati za mshahara za Juma wa kwanza. Tumieni namba ya mfanyakazi isiyotolewa tena kwa mtu mwingine.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazitaka taasisi zilinde taarifa za watu zinazozikusanya. Sijui mkurugenzi angeielezaje Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi orodha ya nywila za wafanyakazi wake zilizotunzwa zikiwa zinasomeka.

Kama jibu la upande wa pili ni hapana, hawapokei tokeni yoyote, basi weka kiungo cha kawaida kinachofungua ukurasa wao wa kuingia, na kila mfanyakazi ahifadhi nywila yake mwenyewe kwenye kivinjari chake. Atabonyeza mara mbili badala ya mara moja. Mwambie meneja hivyo, na umwambie ni kwa nini.